Maswali ya Kitalu: Miche na Baridi ya Nyanda za Juu

Ujumbe wenu wa mwezi huu umejaa miche iliyolala. Kutoka Isyesye, Njombe, Mafinga mpaka Kihesa, karibu kila mmoja ananiuliza dawa. Mtaniona mbishi, maana dawa ya dukani nitaitaja mara chache sana. Kuanzia Juni mpaka Agosti udongo wa huku kwetu ni wa baridi, na mche mchanga hauna pengine pa kukimbilia, uhai wake wote uko kwenye ule udongo. Maelekezo mnayosoma kwenye pakiti za mbegu yanachukulia kwamba kuna joto. Hapa Uyole asubuhi ya Julai, ukizamisha kidole kwenye trei ya miche iliyolala nje, unakitoa haraka. Someni majibu haya mkilikumbuka hilo.

Shikamoo Mama Kitalu. Nilisia nyanya kwenye ndoo mbili kuukuu, nikaziweka barazani. Ziliota vizuri nikafurahi. Sasa naona zinaanguka mojamoja, kama mtu amezifunga uzi pale chini zikakatika. Udongo niliutoa chini ya migomba, ni mweusi na una rutuba. Namwagilia asubuhi na jioni, siruki hata siku moja. Nipulizie nini? (Mama wa nyumbani, Isyesye, Mbeya)

Marahaba mwanangu. Kabla hujapulizia chochote, chuchumaa hapo kwenye ndoo, ung'oe mche mmoja ulioanguka na uutazame pale shina linapotokea udongoni. Ukikuta pamesinyaa, pana rangi ya kahawia na panateleza ukipabana kwa kucha, huku majani ya juu bado ni ya kijani, hicho ni kinyausi. Ukikuta shina zima limekatwa, kidonda kibichi, mche umelazwa pembeni, huyo ni sota, kiwavi anayekata miche. Yeye anakula usiku. Fukua udongo kidogo kuuzunguka mche asubuhi na mapema, utamkuta amejikunja, wa kijivu, mnene. Muue kwa mkono, hahitaji dawa. Kwa maelezo yako, na jinsi unavyosema "mojamoja" kila siku, mimi nashika kinyausi.

Kinyausi huletwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi udongoni, na wenye sifa mbaya zaidi ni Pythium na Rhizoctonia. Viko karibu kila mahali. Vinapata nguvu pale udongo unapokuwa umeloa muda mrefu, hewa imetulia, miche imebanana, na baridi imeuchelewesha mche kukomaza shina. Angalia sasa ndoo zako: udongo wa chini ya migomba, ambako kuna unyevu mwaka mzima na mabaki yanayooza, maji mara mbili kwa siku, barazani kwenye kivuli, na ni Julai. Mwanangu, hukuwa mvivu hata kidogo, lakini yale maji ya jioni ndiyo yaliyokuwa yanakaa na mche usiku kucha.

Mche ulioanguka hauponi. Uchote pamoja na udongo wake, kijiko kizima, na ile inayougusa pia, ukatupe mbali na bustani. Acha kumwagilia mpaka uso wa udongo ubadilike rangi na kuwa mkavu. Hamishia ndoo mahali penye jua la asubuhi na upepo mdogo. Chunguza chini ya ndoo: kama haina matundu, chukua msumari uliopashwa moto, toboa matundu manane au kumi. Ikiwa miche imesongamana, kata mingine kwa mkasi ili kila mmoja uwe na nafasi ya vidole viwili. Usiing'oe, utaitikisa mizizi ya jirani zake. Najua inauma kukata mche mzima kwa mkono wako. Kata tu.

Awamu ijayo anza na udongo mwingine. Mimi nachanganya udongo wa juu debe mbili, mchanga wa mto debe moja, na mboji iliyoiva debe moja. Iliyoiva maana yake hainuki na huwezi kutambua tena kilichokuwa jani na kilichokuwa bua. Ukipata pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, bila kufikia kuwa majivu, ongeza nusu debe. Kwa Mbeya hazisumbui kupatikana, mashine za kukoboa za Usangu na Kyela zina marundo yake. Zinafanya udongo uwe mwepesi na maji yasituame.

Kisha upike huo udongo. Wazee wetu huchoma mabua ya mahindi juu ya tuta la kitalu, na ni jambo jema, ila joto lake linashuka kina kidogo tu. Kwa ndoo na trei za nyumbani, debe ni bora zaidi. Weka mawe chini ya debe, maji yafike usawa wa mawe, juu yake udongo wenye unyevunyevu, halafu katikati ya udongo fukia kiazi mviringo kimoja cha wastani. Funika, washa kuni, acha mvuke upande taratibu. Kiazi kikiiva, udongo umeiva, epua. Usiendelee kuupika eti uive zaidi, kwa sababu udongo uliopitiliza moto huachia chumvi zinazounguza mizizi. Umwage kwenye turubai safi upoe. Na usirudi kuugusa kwa jembe lililotoka shambani bila kuoshwa, utakuwa umevirudisha vilevile vimelea.

Maji: mara moja, asubuhi, na siku ile tu udongo unapoyahitaji. Inua chombo. Chenye maji ni kizito, kikavu ni chepesi, na baada ya wiki moja mkono wako utakuwa umeshajifunza. Bora zaidi ukalishe chombo ndani ya beseni lenye maji kidogo, kinywe kwa chini mpaka uso uanze kuwa na unyevu, halafu ukitoe. Shina linabaki kavu.

Habari za kazi, mama. Miche yangu ya nyanya ina wiki tatu, imedumaa, na majani yamekuwa ya zambarau upande wa chini. Jirani amenishauri niweke mbolea ya DAP kidogo kila mche. Niweke? (Kijana mkulima, Njombe mjini)

Nzuri, baba. Usiweke. Nakuomba kabisa usiweke.

Zambarau ya chini ya jani kwenye nyanya ni dalili kwamba mche haupati fosforasi, na jirani yako hilo amelijua, ndiyo maana akataja DAP. Ila kukosa kwake hakumaanishi kwamba udongo hauna. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 15 hivi, mizizi ya nyanya inakuwa mizito kuvuta fosforasi hata kama imejaa tele. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai trei iliyolala juu ya saruji inapoa mpaka alfajiri, na jua likifika saa nne, nusu ya siku imeshapita mche haujala chochote. Ukiongeza DAP hapo, punje zinakaa karibu na mzizi mchanga na kuuunguza, na baridi iko palepale.

Anza kwa kuinua trei kutoka sakafuni. Ubao juu ya matofali unatosha. Jioni kabla jua halijazama, tengeneza upinde wa fito juu ya trei, funika kwa nailoni nyeupe, kingo zibane kwa mawe ili joto la mchana lisitoroke. Asubuhi jua likishatoka funua, wala usisahau, kwa sababu nailoni iliyofungwa juani saa sita mchana inachemsha miche hata Njombe. Nailoni isiguse majani, jani linaloigusa ndilo la kwanza kuungua umande ukiganda. Maji ya kumwagilia yaache juani kwenye ndoo nyeusi kabla ya kuyatumia. Maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye tangi alfajiri ni baridi kuliko udongo wenyewe.

Fanya hivyo halafu tazama jani jipya linalochipua katikati. Likitoka kijani safi, umeshinda. Majani ya zamani yanaweza kubaki na zambarau yake, usiyahesabu. Ikiwa joto limerudi, siku kumi zimepita na jani jipya bado ni la zambarau, hapo ndipo chakula kinahusika. Loweka samadi ya ng'ombe iliyoiva kwenye ndoo, chuja, changanya sehemu moja ya maji yake na sehemu kumi za maji safi, mwagilia udongo tu, mara moja kwa wiki.

Walioko Makete, karibu na Kitulo ambako mwinuko unapita mita 2,600, nailoni pekee haitoshi usiku wa baridi kali. Ongezeni gunia juu yake, au ingizeni trei ndani kabisa.

Nimesia pilipili hoho wiki mbili zimepita, hakuna hata moja iliyotokeza. Kabichi za siku hiyohiyo zimeota zamani. Nimeuziwa mbegu mbovu? (Msomaji, Mafinga)

Inawezekana mbegu ni mbovu, lakini usimlaumu muuzaji bado. Kila mbegu ina joto lake. Udongo ukiwa na nyuzi 25, hoho inatokeza kama siku ya nane na nyanya siku ya sita. Kwenye nyuzi 15 nyanya inachukua wiki mbili, na hoho inafika siku 25 hivi. Nyuzi 10, nyanya inaweza kumaliza wiki sita, na hoho usiitegemee. Kabichi haijali sana: hata nyuzi 15 inatokeza siku ya tisa. Ndiyo maana kwako imetangulia, na Mafinga yako sasa hivi ni ya baridi.

Pasha moto mahali pa mbegu. Jikoni juu ya kabati, mbali na mwale wa jiko, panafaa, kwa sababu mbegu ya hoho haihitaji mwanga mpaka itokeze. Ila siku ile utakapoona shingo ya kwanza imejikunja juu ya udongo, toa chombo nje kwenye mwanga siku hiyohiyo. Kwa mbegu zilizobaki kwenye pakiti, kunja kumi ndani ya kitambaa chenye unyevu, weka ndani ya kopo lenye mfuniko, liweke mahali pa joto. Baada ya siku kumi fungua, hesabu zilizotoa mzizi. Zikiwa saba au nane, mbegu ni nzima na muuzaji hana kosa. Zikiwa mbili, rudi dukani na pakiti yako, risiti na hilo kopo.

Mama shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba Kihesa, Iringa. Nimepanda nyanya na sukuma wiki kwenye chupa za maji zilizokatwa, nimeziweka dirishani. Zimerefuka sana, nyembamba, zimelala kuelekea kioo. Nilidhani zinakua vizuri. Zinafaa tena?

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kulima ndani ya chumba kimoja. Mche unaorefuka hivyo unautafuta mwanga. Dirisha linaupa mwanga wa upande mmoja, kwa saa chache, tena uliopungua kwa kupita kwenye kioo chenye vumbi. Kugeuza chupa kila siku kunanyoosha shina lakini hakulinenepeshi.

Toa nje. Hata kama uwanja ni wa mwenye nyumba, muombe kona yenye jua la asubuhi, watu hawakatai chupa sita. Usiziweke kwenye jua kali la saa saba siku ya kwanza, majani yaliyozoea ndani yatababuka na kuwa meupe. Siku ya kwanza ziache nje kwa muda wa saa moja, kesho yake mbili, uongeze hivyohivyo kwa wiki nzima. Upepo mdogo utazisaidia, kwa sababu shina linalotikiswa linajijenga. Siku ambazo huwezi kuzitoa kwa sababu ya masomo, pitisha kiganja juu ya vichwa vya miche taratibu, mara kadhaa asubuhi na jioni. Inafanya kazi kweli, miche inayoguswa hivyo inabaki mifupi na minene.

Nyanya zako zinaokoka kirahisi. Shina la nyanya lina vinyweleo, na sehemu yoyote utakayoifukia itatoa mizizi. Zihamishie kwenye chupa ndefu zaidi, zamisha mpaka karibu na majani ya kwanza, ongeza udongo. Sukuma wiki nayo unaweza kuifukia mpaka usawa wa yale majani mawili ya mwanzo, usipitilize hapo, na usizibe kitovu chake cha juu. Iliyolala kabisa ikavunjika, isamehe, sia nyingine. Sukuma wiki haichelewi.

Ukikosa nje kabisa, taa ya umeme ya mwanga mweupe ining'inie shubiri moja juu ya miche, iwake saa 14 hivi kwa siku, usiku uizime. Ile ya darini haifiki.

Majivu ya jikoni yanasaidia miche? (Msomaji, Mbalizi)

Kidogo, na yakiwa makavu. Nyunyiza duara kuzunguka mche, sota hapendi kuyapita, lakini yakiloa kazi yake imekwisha. Usiyachanganye ndani ya udongo wa kitalu kwa wingi, yanaondoa uchachu wa udongo kupita kiasi na majani yanaanza kuwa ya njano. Wala usiyaweke pamoja na urea: naitrojeni itaondoka na hewa, na hela yako itaondoka nayo.

Nina umri mkubwa, binti yangu, lakini bado natamani kuotesha. Nimekula parachichi la Hass lililoiva vizuri, kokwa nimelihifadhi. Nikiliotesha kwenye kiriba nitapata Hass? (Mzee, Tukuyu)

Shikamoo mzee wangu. Umenifurahisha. Utapata mparachichi, lakini hautakuwa Hass. Kokwa la parachichi halirudishi mti uleule, linazaa mchanganyiko wa wazazi wawili, na unaweza kusubiri miaka mingi ndipo ujue tunda lake likoje. Hass hupatikana kwa kubebesha. Kokwa linatupa shina la chini, kikonyo cha Hass kinakaa juu.

Kwa shina la chini chagua kokwa la parachichi la kienyeji linalostawi Rungwe, litokane na tunda ulilolichuma mtini. Lililookotwa chini lina hatari ya kubeba Phytophthora, ukungu unaoozesha mizizi ya parachichi, na kwa mvua za Tukuyu zinazopita milimita 2,000 kwa mwaka, ukungu huo unapata kila unachohitaji. Ukiwa na kipimajoto, zamisha kokwa kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50 kwa nusu saa, halafu kwenye maji ya kawaida. Bila kipimajoto usijaribu, nyuzi chache zikizidi umelipika. Menya ganda jembamba la kahawia, simamisha kokwa upande mpana ukiwa chini, kichwa kionekane kidogo juu ya udongo. Oteshea mapema, kokwa likikauka kabatini linakufa.

Litachukua mwezi mmoja mpaka miwili, na kwa baridi hii tegemea miwili. Kiriba kikae juu ya changarawe au kichanja, kamwe kisikae kwenye kidimbwi. Shina likifikia unene wa penseli, mwite fundi wa kubebesha mwenye kikonyo kutoka mti wa Hass uliokwisha kuzaa, mti unaoweza kwenda kuuona kwa macho. Hapo mzee wangu usikubali maneno matupu, miche mingi ya "Hass" inayouzwa barabarani haina aliyeuona mama yake.

Miche yangu ya nyanya ina wiki tano. Majirani walipandikiza ikiwa na wiki nne wakaliwa na kiwavi wa kantangaze. Nisubiri au nitoe? (Mkulima, Ilula)

Wiki tano kwa msimu huu si nyingi, dada. Angalia mche wenyewe: majani halisi manne au matano, urefu wa sentimita 15 hivi, shina likikaribia unene wa penseli. Ukiwa hivyo, toa. Ukiwa bado, mpe wiki nyingine. Mche uliokaa kitaluni mpaka ukatoa maua, huo ndio uliochelewa.

Siku saba kabla, punguza maji na ondoa kivuli, miche ikae wazi mchana kutwa. Inyauke kidogo saa nane, ikiinuka jioni iko tayari. Kantangaze, ambaye ameingia nchini mwetu katika miaka ya 2010 na kuwaumiza sana wakulima wa Ilula, mara nyingi anatoka kitaluni na mche mwenyewe. Siku mbili za mwisho pitia miche kwa mkono mmojammoja, geuza jani, litazame likielekea jua. Ukiona mabaka meupe kama jani limechubuliwa ndani, na vinyesi vyeusi vidogo, huyo yumo ndani ya jani. Chuma jani, liweke kwenye mfuko wa nailoni, ufunge, uuache juani mpaka lioze. Kulitupa pembeni ya kitalu ni kumwachia amalizie ukuaji wake hapo hapo. Wavu wenye matundu madogo juu ya kitalu ulipaswa kuwepo tangu kusia, kwa hiyo nunua sasa kwa ajili ya awamu ijayo, na kingo zake zifukie udongoni.

Kupandikiza iwe saa kumi jioni. Mwagilia kitalu saa mbili kabla ili udongo ushikane na mizizi, shika mche kwa jani wala usiushike shina, zamisha zaidi ya ulivyokuwa kitaluni, mwagia kila shimo maji kidogo. Shamba la jirani aliyeliwa lisikupakane: kama mabaki ya nyanya zake bado yamesimama, kaa naye kwanza, myang'oe pamoja na kuyachoma kabla hujaingiza mche wako hata mmoja.